Uso Aliougawa Bi Nyodo

Kiti cha wateja kilikuwa na joto. Si joto la jua, maana dirisha la chumba kile lilikuwa bado limefungwa. Lilikuwa joto la mtu, joto la makalio na mgongo, kana kwamba kuna aliyekaa pale usiku kucha akainuka sasa hivi. Bi Nyodo alikigusa alipokuwa akikisogeza afagie. Akasimama na ufagio mkononi, akakigusa tena, kisha akasonya na kujiambia ni paka. Paka gani anapasha kiti joto mpaka kwenye egemeo? Hilo hakujiuliza. Bi Nyodo hakuwa mtu wa kutazama kitu mara mbili, na hilo ndilo lililomponza. Lakini msianze kumwonea huruma, bado hamjamjua.

Jina lake halisi mtaa ulishalisahau. Kwenye kibao cha mlangoni aliandika MSANII WA PICHA ZA MKONO, na alitaka aitwe hivyo, Msanii, hata na muuza maziwa. Watu wakamwita Bi Nyodo. Aliyebisha aliambiwa aende akamsalimie, aone kama hatajibiwa kwa pua. Alichora sura za watu kwa kalamu ya wino, kadi za harusi, picha za kutundika sebuleni, vyote kwa mkono, na vyote alivifanya akiwa amekunja uso kama anayekamua jipu la mtu mwingine. Kamera hakutaka hata kuisikia. "Kamera ni ya wasio na mikono," alisema, na nyumbani kwake hapakuwa na picha hata moja iliyopigwa.

Mikono alikuwa nayo, tusimnyime. Miguu ilikuwa ya mdogo wake.

Huyu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na mtaa ulimwita Mdogo tu, ingawa mvi zilishamjaa masikioni. Ndiye aliyebeba kapu la picha akazunguka nalo juani, maofisini, hospitalini, stesheni, akitabasamu kwa niaba ya dada yake asiyejua kutabasamu. Ndiye aliyechemsha gundi ya kubandikia picha, na siku moja gundi ile ilifura ikamrukia, ikamwachia kovu kutoka sikioni mpaka kidevuni. Jino la mbele lilimtoka akiteremka ngazi za ofisi fulani na fremu kichwani. Kope moja ililala baada ya homa, haikuamka tena. Mtaa mzima uliyajua hayo. Ungemuuliza Bi Nyodo kovu la mdogo wake liko upande gani, angekuuliza: kovu gani? Walikula meza moja kila siku ya Mungu, mmoja akimtazama mwenzake, mwenzake akitazama karatasi.

Sasa nikupeni siri ya kazi yake. Bi Nyodo alijua kuchora uso mmoja tu.

Alipokuwa msichana anajifunza, hakuwa na wa kumchora ila huyo mdogo wake. Alimkalisha dirishani, binti wa mashavu ya mviringo na macho mapana, akamchora na kumchora mpaka mkono ukaujua uso ule kama unavyoijua njia ya mdomoni. Mkono ulipoujua, macho yakastaafu. Tangu hapo kila mteja aliyekaa kwenye kile kiti alipewa uso huohuo. Bi Nyodo aliinama, akauchora, halafu akatupa jicho mara moja kuona cha kuongeza. Mwanamume alipewa ndevu, mnene alipewa kidevu cha pili, mwalimu akatiwa miwani, kazi ikaisha.

Na wateja, maskini wa Mungu, walifurahi! Mke wa mwenye bucha alitoa machozi kabisa. "Jamani, ni mimi huyu, ni mimi mtupu!" Hakuwa yeye. Alikuwa Mdogo wa zamani, aliyevalishwa hereni.

"Watu hawataki sura zao," Bi Nyodo alisema siku hiyo wakinywa chai. "Wanataka sura nzuri yenye nywele zao. Na kwani wana sura, hao? Ng'ombe wana sura kuliko hao."

"Lakini dada, yule bibi wa jana alikuwa na jicho moja dogo," Mdogo alisema taratibu. "Mwanawe aliniambia ndilo analolipenda. Alitaka alione kwenye picha."

"Wewe beba kapu. Kuchora niachie mwenyewe."

Mdogo akakusanya vikombe. Kunyamaza alikujua vizuri.

Basi siku hiyo ya kiti chenye joto, adhuhuri, jua likiwa limesimama utosini na mtaa wote umejifungia ndani, hata cherehani ya fundi wa ng'ambo ya barabara imenyamaza, Bi Nyodo alikuwa peke yake mezani. Akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya udongo unaponyeshewa baada ya kiangazi kirefu, na mvua haikuwapo wala dalili yake. Halafu sauti ikatoka upande wa kiti, sauti isiyo ya kike wala ya kiume, nzito, kama ya mtu anayesemea mtungini.

"Naomba unichore."

Bi Nyodo hakuinua kichwa. "Hodi huijui?"

"Nilibisha asubuhi. Ukanigusa mgongo, ukasonya."

Mwingine angekimbia, na haki yake. Bi Nyodo alisonya tena. Wateja vichaa alishawazoea, na yeye aliwahesabu wateja wote kuwa vichaa.

"Nichore nilivyo," ikasema sauti.

"Wote mnasema hivyo."

"Niangalie kwanza."

"Nimeshakuona."

Muongo! Macho hayakuwa yametoka kwenye karatasi.

"Umeniona?" Sauti ilishuka kidogo, kama inayostaajabu. "Mimi?"

"Macho mawili na pua moja kama wenzako. Tulia, usitingishike."

Akaanza. Kalamu ikakwaruza, na kila ilipokwaruza harufu ile ya udongo ilizidi, mpaka ikawa kama ameketi ndani ya shimo lililochimbwa sasa hivi. Ulipofika wakati wa kutupa lile jicho lake moja, aone cha kuongeza, vinyweleo vya shingo vilimsimama, shingo ikakataa kuinuka. Alijiambia amechoka. Hakuongeza kitu. Akauacha uso ule mtupu, laini, mchanga, vilevile ulivyokuwa dirishani miaka ile.

"Tayari," akasema.

"Hivi ndivyo nilivyo?"

"Hivyohivyo."

"Huna la kuongeza, huna la kupunguza?"

"Sina. Chukua uende."

"Nimeupokea," ikasema ile sauti, na neno la mwisho lilitoka jembamba, tamu, la kike.

Alipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Akateremsha macho kwenye karatasi. Ilikuwa nyeupe. Wino wote haupo, imebaki mikwaruzo ya ncha ya kalamu, na ukipitisha kidole unauhisi uso lakini huuoni. Bi Nyodo aliikunja karatasi akaitupa, akalaumu wino. Fundi mbaya, kama wanavyosema, halaumu mkono wake.

Siku zilizofuata mambo yakaanza kidogokidogo. Fundi cherehani wa ng'ambo, mtu wa mizaha, pini siku zote mdomoni, alimwita Mdogo asubuhi moja. "Aa, Mdogo, leo umependeza, lakini mbona unaringa? Umepita hapa mara ya kwanza hata salamu hukunipa!"

"Mimi? Ndiyo kwanza natoka nyumbani."

"Basi una pacha. Tena pacha wako amelala vizuri kuliko wewe."

Mdogo alicheka, lakini kapu lilimshuka kichwani. Jioni yake akamfuata dada yake mezani, akainama mpaka karibu na sikio.

"Dada," akanong'ona. "Ukiniita, mimi naitika."

"Ulitaka ufanyeje? Uniimbie?"

"Sikiliza, tafadhali. Nikiwa jikoni ukaniita, kabla sijafumbua mdomo nasikia nimeshaitika. Naitika kutoka huko chumbani. Sauti ni yangu, lakini ile ya zamani, kabla jino halijatoka. Dada, kuna nani humu ndani?"

"Umepunguziwa kazi, shukuru." Bi Nyodo hakuacha kuchora. "Na ukitoka funga mlango, wino unakauka."

Mdogo alisimama pale kidogo, mkono kwenye bega la dada yake, akingoja labda atageuka. Hakugeuka. Akaenda kulala huku akijifunika shuka mpaka kichwani, na joto lote lile.

Halafu ikaja adhuhuri yenyewe. Bi Nyodo alikuwa akimalizia kadi ya harusi. Mdogo alikuja akaweka kikombe cha chai karibu na kiwiko chake, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Leo umerudi mapema," Bi Nyodo alisema akiwa ameinama vilevile.

"Nimerudi, dada."

"Umeuza?"

"Nimeuza zote. Kila nyumba wananitaka."

"Wajinga hawaishi," alisema Bi Nyodo, na siku hiyo akajisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza mdogo wake hakukohoa, hakulalamikia kiuno, hakuleta habari za jicho la bibi wa watu. Akaendelea kuongea naye, akiwasema wateja mmoja mmoja, yule wa mbele akiitikia mhm, mhm, kwa sauti nyororo kama ya msichana, na chai ikinukia, lakini chini ya harufu ya chai kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliolowa, ikipanda polepole kutoka chini ya meza, ikimpanda miguuni, magotini, tumboni, naye akiendelea kuchora na kusema na kuchora, mpaka aliposikia komeo la mlango wa mbele likifunguka, na kapu likitua sakafuni, na pumzi ya mtu aliyechoka aliyetembea juani tangu asubuhi, na sauti yenye pengo ikisema, "Dada, nimerudi, leo jua limenitoa roho..." kisha ikakatika hapo, kama uzi uliokatwa kwa meno.

Bi Nyodo akainua kichwa.

Mbele yake aliketi mdogo wake. Mlangoni alisimama mdogo wake.

"Dada," walisema wote wawili.

Akapiga ukelele uliomtoa fundi cherehani ng'ambo na kitambaa bado kimemning'inia shingoni. Na katika kupiga ukelele Bi Nyodo alirudi nyuma. Hapa mtazameni vizuri. Alirudi nyuma akikimbia mlango, akijibanza kwa yule aliyekaa.

Fundi ndiye aliyemfuata mganga. Mganga huyo alikuwa mtu mnene mwenye mafua, leso haimtoki mkononi, aliyekuwa akitengeneza saa kabla hajagundua kwamba watu wanaoogopa ni wengi kuliko wanaochelewa. Alipoingia aliwakuta wale wawili wameketi kila mmoja pembe yake, wanatazamana, na Bi Nyodo katikati. Akamtoa fundi nje, akaufunga mlango. Kwanza akapenga kamasi.

"Nani amelichora?" akauliza.

"Kuchora nini?" alisema Bi Nyodo.

"Usinizungushe, mama. Jini halina uso mpaka lipewe. Nani amelichora?"

"Mimi."

"Ulilitazama ulipokuwa unalichora?"

Bi Nyodo alikohoa. "Nilichora kwa uzoefu."

Mganga alicheka mpaka mafua yakamkaba. "Uzoefu! Haya. Basi dawa yangu haifiki hapo. Jini lililoingia kwa nguvu nalitoa, ndiyo kazi yangu. Hili halikuvunja mlango, limepewa, tena kwa ridhaa. Aliyetoa ndiye wa kunyang'anya. Utawatazama hawa wawili, utamwambia mmoja baki, na mwingine nenda. Neno lako ni moja tu, na likitoka limetoka. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Na nikikosea?" Aliuliza kwa kunong'ona, na ndiyo mara ya kwanza Bi Nyodo kunong'ona maishani mwake.

"Ukikosea, utakayemfukuza hatakusikia tena hata ukimpigia kelele sikioni. Mlango huu utakuwa ukuta kwake. Kwa hiyo usikurupuke. Kagua."

Basi hapo zile nyodo zikamrudia. Alijinyoosha, akajifuta uso. "Nimkosee mdogo wangu? Mimi? Baba, mimi ni msanii. Uso wa huyu mtoto nauchora nikiwa nimefumba macho."

"Ndiyo ninachoogopa," mganga alisema, lakini alisemea kwenye leso.

Akawapa wale wawili maji, kila mmoja funda moja, wayashike mdomoni bila kumeza wala kutema. Alisema jini lina ulimi kuliko wakili, likiachwa liseme litauza mpaka nyumba. Wote wawili wakatii. Akawakalisha kwenye viti viwili karibu na dirisha, akafungua mabawa yote ya dirisha, mwanga mweupe ukawapiga usoni, akamwambia Bi Nyodo, haya.

Naye akatazama. Ilikuwa miaka mingi hajamtazama mtu, na macho yake yalikuwa mazito kama mlango wenye kutu.

Mmoja alikuwa na mashavu ya mviringo na macho mapana, ngozi laini, kidevu kama yai. Kila mstari Bi Nyodo aliujua. Mkono wake wa kulia ulichezacheza wenyewe, ukitaka kuufuata. Huyo mwingine alikuwa mwanamke wa makamo aliyechomwa na jua, mvi masikioni, kope moja imelala, na kwenye taya kovu jekundu lililokunjamana. Gauni lake lilikuwa na kiraka kwapani. Alimtazama Bi Nyodo bila kupepesa, kama mtoto anayengoja mamaye amwite kwenye kundi la watoto wa watu.

Hii ni nakala mbovu, Bi Nyodo aliwaza. Na nitasema ukweli hata kama unachefua: alimdharau. Alimtazama mtu aliyebeba kapu lake maisha yote, akamwona kama picha iliyoharibika.

Mdogo aliyaona hayo machoni mwa dada yake. Akaelewa. Hangeweza kusema, maji yamejaa mdomoni, na ameambiwa asiteme, na yeye alikuwa mtu wa kutii. Akainua kidole akalionyesha kovu lake. Akaligusa, akalisugua, akaonyesha jikoni, kilipo chungu cha gundi, akaligusa tena, machozi yakimtiririka juu yake.

"Mwoneni!" Bi Nyodo akapaza sauti. "Mwoneni, uso umeanza kumvuja!"

"Mama, subiri kwanza..." mganga alianza.

"Toka! Wewe, kizee, nenda ulikotoka! Mdogo wangu, wewe baki."

Mganga alishusha mikono.

Maji yakamtoka Mdogo kwenye lile pengo la jino, uzi mwembamba, yakamlowesha kidevu na gauni. Akainuka. Kwa mazoea akainama akalichukua kapu, akalitwika, akafungua mlango akatoka. Hakugeuka, na alikuwa mtu wa kugeuka siku zote, kusema dada nakwenda.

Mganga alivuta hewa puani kujua kama harufu ya jini imeondoka. Kwa mafua yale! Asingenusa hata nyumba inayoungua. "Yameisha," akasema, akakusanya vitu vyake na kuondoka haraka kuliko alivyokuja. Chumba kilinuka udongo uliolowa, kila pembe.

Fundi cherehani akaingia mbio. "Mmemfanya nini Mdogo? Amenipita hapo nje analia, namwita hasimami, namshika mkono, anauchomoa aende zake!"

"Mdogo yuko hapa," Bi Nyodo akasema. "Uliyemwona ni jini."

"Jini?" Fundi aliziondoa pini mdomoni moja moja. "Jini limevaa gauni lenye kiraka nilichokishona mwenyewe juzi? Na lile kovu la gundi, nani alimtia? Si wewe uliyemwita aje aone wino wakati gundi iko motoni?"

"Kovu gani?" Bi Nyodo akauliza.

 Fundi alimtazama tu. Halafu akamtazama yule aliyekaa dirishani, akaanza kurudi nyuma.

Bi Nyodo naye akageuka polepole. Yule alikuwa bado ameketi wima, mikono mapajani, kama mteja. Alifungua mdomo wake mzuri. Ulikuwa mkavu, mkavu kabisa, kama chungu kilichosahauliwa juani.

"Umenichagua mwenyewe, dada," akasema. "Mara mbili."

Bi Nyodo alikimbia. Mpeni angalau hilo. Alikimbia bila viatu, yeye aliyekuwa akiona aibu kuonekana na watu wa mtaa, akamkuta Mdogo karibu na kona, akamshika gauni, akamzunguka akasimama mbele yake, akamlilia: mdogo wangu, mdogo wangu, ni mimi, nimekosa, nisamehe. Mdogo alisimama akapangusa machozi, akapisha kushoto kama mtu anayekwepa dimbwi, akaenda. Watu walikuwa wanatoka kazini, wamejaa njia nzima. Kapu lilionekana juu ya vichwa vyao, likazama.

"Tupeleke picha yake kila mahali," fundi alisema alipomfikia akiwa amekaa chini barabarani. "Stesheni, hospitali, kwa askari. Wewe hakusikii, lakini sisi wengine huenda akatusikia. Nipe picha yake nianze nayo sasa hivi."

Picha! Nyumba ilijaa picha, kuta nzima, na zote ni za yule aliyekaa dirishani.

"Basi mchore," fundi akasema.

"Simjui," alisema Bi Nyodo. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Nimekula naye meza moja, na simjui."

"Mimi namjua. Nitakuambia, wewe chora."

Wakarudi. Yule hakuwazuia. Alihama tu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akawatazama. Fundi alisimama nyuma ya Bi Nyodo, akasema taratibu: kovu liko kushoto, linaanzia hapa chini ya sikio, hapana, pana zaidi, linakunjamana hapo. Bi Nyodo akachora. Akasema kope ya kulia imelala, lakini jicho lenyewe linacheka. Bi Nyodo akachora. Mvi. Pengo la jino, na mdomo ulivyozoea kulificha anapocheka na watu asiowajua. Mistari miwili kipajini, ya jua. Na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake ule mkono ulitii kitu kingine zaidi ya mazoea. Alilia akichora, akafuta machozi yasidondokee wino, na mtu akajitokeza kwenye karatasi, aliyechoka, mzuri, hai, mtu mmoja asiyefanana na mwingine yeyote.

"Ndiye," fundi akanong'ona. "Wallahi ndiye. Huyo ndiye Mdogo wetu."

"Ndiye," Bi Nyodo akasema, na akambusu karatasini. "Sina la kuongeza."

Wino ukaanza kuondoka. Mvi zilitangulia, zikafuata kope, likafuata kovu, taratibu kutoka sikioni hadi kidevuni, kama mtu analifuta kwa kidole. Bi Nyodo alifunika karatasi kwa viganja vyote viwili, akailalia kwa kifua, akapiga kelele, na alipoiinua ilikuwa nyeupe.

Kitini mtu alikohoa.

"Asante, dada," akasema, na safari hii neno lilipita kwenye pengo. Alipitisha vidole kwenye taya yake ya kushoto, akalipapasa kovu jipya kwa furaha, kama mwanamke anayejaribu mkufu. "Sasa ndiyo umeniangalia."

Fundi alifika stesheni jioni hiyohiyo bila picha. Akawauliza walinzi, akamuuliza mkata tiketi. Ndiyo, walimwona mwanamke na kapu tupu. Walikumbuka gauni, walikumbuka kiraka kwapani, walikumbuka analia. Amepanda, ameshakwenda. Alikuwa na sura gani? Wakatazamana. Mkata tiketi alikuna kichwa, akasema samahani mzee, alisimama hapa mbele yangu nikampa tiketi mkononi, nami nilimtazama, lakini sikuona wa kumtazama.

Aliporudi mtaani, taa ya Bi Nyodo ilikuwa inawaka. Kupitia dirishani aliona wawili mezani, chai katikati. Mmoja mwenye mvi na kovu alikuwa anasimulia habari za kutwa nzima, nyumba alizoingia na picha alizozipeleka. Na Bi Nyodo alikuwa ameinua kichwa, anamtazama usoni, hapepesi, kwa sababu kila alipojaribu kuinamia karatasi, vidole vya yule mwingine vilimshika kidevu vikamnyanyua.